Nani Kapita Usiku

Zilibaki siku tatu Idi iingie. Nilikuwa juu ya kigoda barazani, mtandio nimeufunga puani, naondoa utando. Ufagio wa chelewa nilikuwa nimeufunga kwenye ufito mrefu kwa kamba ya katani. Ni ufagio ambao kwetu Pangani hutoka stoo mara mbili kwa mwaka, kabla ya Idi hii na kabla ya ile. Pembeni, kwenye waya wa zamani wa taa unaoning'inia chini ya mabati, palikuwa na kifungu cha uchafu: majani makavu, vumbi, utando, kipande cha uzi.

Nikakipiga mara moja.

Kikaanguka kwa uzito ambao utando hauna.

Niliposhuka kukitazama nikaona uchafu ule una mlango. Ni tundu dogo ubavuni, upana wa kidole gumba, na juu yake kijipaa kimechomoza mvua isiingie. Nje kulibandikwa majani makavu, vipande vya maganda ya mti, hata vinyesi vya viwavi, vyote vimeshonwa kwa utando wa buibui. Ndani palikuwa laini. Nilitia kidole nikagusa usufi mweupe, na usufi ule nikautambua. Mwezi wa Shaabani Mama alifumua mto wake mkuukuu, akauanika usufi juani kwenye mkeka. Ulipopungua tulisema umepeperushwa na upepo wa kaskazi.

Mlikuwa na mayai mawili, kila moja kama kunazi, rangi ya kijivu yenye madoa. Moja lilikuwa limepasuka.

Nikiwa bado nimechuchumaa, mwenye kiota akarudi: chozi jike, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda. Akasimama hewani, mabawa yakipiga kwa kasi, mbele ya pahali palipokuwa na mlango wake. Akaenda kwenye kamba ya nguo, akarudi palepale. Mara tatu.

Sikumwambia mtu. Nilimaliza kuondoa utando, nikapanda kuta zote, baraza ikang'aa. Idi ikaja, wageni wakasifu nyumba ilivyo safi, na kila aliyesifu alinirudisha pale kwenye kigoda.

## Majira ya kwetu

Nina binamu Ujerumani. Kila mwisho wa Machi hunitumia picha za maua yanayotoboa ardhi iliyotoka kuyeyuka barafu, na maneno yake huwa mafupi: "Tumepona." Huko wanayaita majira ya kuchipua. Mimi humjibu kwa picha ya wingu.

Kwa maana sisi kuchipua kwetu kunaanzia angani. Kaskazi huchoka, hupita siku za maleleji ambazo upepo haujui uende wapi na mashua hukaa majini kama zimesahauliwa, kisha siku moja asubuhi unasikia ubaridi unatoka upande wa kusini. Dudumizi huanza kulia vichakani, ile sauti yake ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Wazee wakimsikia huingiza kuni ndani. Usiku mmoja mabati yananguruma, na asubuhi yake ulimwengu umebadilika rangi.

Nikianza kuhesabu raha za siku hizo sitamaliza leo. Kumbikumbi wakitoka ardhini na kuku wakichanganyikiwa wamdonoe nani kwanza. Asumini ikifunguka magharibi, Mama akizichuma zikiwa bado vichomozo ili zimfungukie kichwani. Harufu ya mchaichai uliopigwa na mvua. Vyura, ambao miezi yote ya ukame sijui walijificha wapi, wakiimba usiku kucha kana kwamba wanalipwa. Keremkerem wakipita juu kabisa kwa makundi, wakielekea kaskazini, sauti zao zikidondoka kama shanga.

Na vitwitwi. Maji yakipwa huwa nateremka pale mto unapomwaga baharini, upande unaotazamana na Bweni, kuwaangalia wakikimbizana na povu. Kuanzia Septemba hadi Machi ni ndege wa kijivu, hutawatofautisha na matope. Ifikapo Aprili baadhi yao hugeuka vifua vikawa vyekundu kama matofali. Mavazi hayo si ya kwetu. Ni ya kwenda kuolea na kuzalia Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka kwenye fungu letu la mchanga. Wiki moja wapo, wiki ya pili hawapo. Wanaobaki ni wachache wa kijivu, vijana ambao mwaka wao wa kusafiri haujafika.

Majira ya kuchipua anayonitumia binamu yangu kwa picha, ndege hawa huyafuata kwa mabawa yao. Na sisi wakati huohuo tuna ya kwetu, mlangoni.

Mwaka huu sikuyaona vizuri. Kila nilipotaka kufurahi nilimwona chozi amesimama hewani.

## Uwanja mweupe

Mama hufagia mara mbili. Alfajiri akishasali, na alasiri kabla jua halijashuka, kwa kuwa kufagia usiku ni kufukuza riziki. Mchanga wa uani kwetu ni mweupe, na ufagio wake huuachia mistari ya upinde, mmoja ndani ya mwingine, kama magamba ya samaki. Nimekua nikiisikia sauti ile kabla ya sauti nyingine yoyote. Nilipokuwa Dar es Salaam, kwenye chumba chenye sakafu ya vigae, kuna asubuhi niliamka nikidhani nimeisikia.

Kwa watu wa pwani uwanja uliofagiwa ni neno zima. Ni kusema humu mna watu, wameamka, hawana msiba, hawana mgonjwa wa kulala. Nyumba ambayo majani yamelala mlangoni hadi saa tatu, jirani atabisha hodi kuuliza kulikoni.

Kwa hiyo nilipomwambia, wiki ya pili baada ya Idi, nilijua ninachogusa.

"Mama, ile pembe ya nyuma, kati ya mstafeli na kisima, masika haya tusiifagie."

"Tusiifagie ili iweje?"

"Tuone kitakachokuja."

Alinitazama kwa muda. "Kitakachokuja nakijua, mwanangu. Kitakuja nyoka. Na watu watasema binti yake katoka mjini kamgeuza mama yake mvivu."

Sikumweleza habari ya kiota. Nilimwambia nimesoma kwamba majani yakioza yanarutubisha udongo, jambo ambalo ni kweli na ambalo halikuwa sababu. Akasema haya, lakini vifuu vyote viondoke, maana kifuu kikikinga maji ni banda la mbu. Hapo alikuwa sahihi kunishinda. Niliokota vifuu 23.

Siku hizo nilikuwa na hasira na ufagio. Niliona kwamba chanzo cha kuvunjika kiota ni usafi wetu huu wa kutaka kila kitu kiwe kitupu. Hata kunguru nilimtia kwenye kesi. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu wanaotutesa pwani nzima, wanaodokoa mayai ya ndege wadogo na vifaranga vya kuku, si wa hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Yaani waliletwa wasafishe. Wakasafisha, kisha wakavuka bahari wakasafisha na viota. Mwaka 2024 wenzetu wa Kenya walitangaza kwamba wanakusudia kuwaua kunguru milioni moja. Nikawa nakaa barazani nikijiambia: tazama mtu akitaka usafi anavyofika mbali.

Nilikuwa najitetea. Ufagio ulikuwa mkononi mwangu, wala haukuwa wa kunguru.

## Kilichokuja

Pembe yenyewe haizidi hatua sita kwa nane. Siku za kwanza palikuwa pabaya tu, majani ya mstafeli yamelowa na kubandikana kama kurasa. Kisha mvua ya pili kubwa ikapiga, na baada ya siku nne pakawa na nywele za kijani.

Mchicha pori ulitangulia. Ukafuata mlenda, kisha mchunga kwenye ukingo wa kisima, ambao sikuwa nimeuona uani kwetu tangu utoto. Mama aliuona kabla yangu. Hakusema kitu. Mchana nikakuta sufuria jikoni, mchunga umechemshwa mara moja, maji yale ya uchungu yamemwagwa, na sasa unarudi motoni na tui zito, kitunguu, na ndimu ya mwisho mwisho. Alipika kama alivyopika mama yake, bila nyanya. Tulikula na ugali wa muhogo. Uchungu ulibaki kidogo tu nyuma ya ulimi, pale unapotakiwa kubaki.

Jongoo wakaja, weusi, wanene kama kalamu. Konokono wakubwa wakaja pia, wale ambao nchi za mbali wamekuwa balaa la mashamba lakini asili yao ni pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Hapa wapo kwao na wanatembea kama watu walio kwao. Asubuhi moja nilikuta kinyonga kwenye tawi la chini la mstafeli. Nilimkalia kitako karibu saa nzima. Alikuwa na nzi mbele yake, na kabla hajautoa ulimi alikuwa akiyumba taratibu, mbele nyuma, mbele nyuma, akifanana na jani linalopigwa na upepo, na upepo haukuwapo.

Mpwa wangu, mtoto wa kaka, ana miaka minne. Alikuja akachuchumaa kando yangu, mikono magotini.

"Shangazi, anacheza?"

"Anawinda."

Akanong'ona, "Basi tusimwambie nzi."

Nilifurahi sana siku ile. Nilidhani nimelipa deni.

## Ukukwi

Kelele nilizisikia nikiwa ndani. Wavulana wa jirani, na sauti ya fimbo kwenye udongo uliolowa, ile sauti ambayo hata usipoambiwa unajua ni nini kinapigwa. Nilipofika uani ilikuwa imekwisha. Nyoka wa kijani, mwembamba, urefu wa mkono, amelala juu ya majani yangu.

Alikuwa ukukwi. Hana madhara, chakula chake ni vyura na mijusi, na ndio waliomleta. Lakini pwani hii kuna hongo pia, naye ni wa kijani, naye anaua. Nani atasimama, na mtoto wa miaka minne yupo hatua tatu, kulinganisha kichwa na macho? Wavulana wale walifanya ambalo baba yangu angelifanya. Mmoja alinipa shikamoo fimbo ikiwa bado mkononi, akasema, "Shangazi, pale pafyekwe, ni hatari." Nilimjibu marahaba, nikakosa la kuongeza.

Mama alikuwa amembeba mjukuu wake kifuani. Hakuninyooshea kidole. Angeninyooshea ningejisikia vizuri zaidi.

Usiku sikulala. Hapa hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka si ya kufika kwa kukimbia. Na mimi, kwa ajili ya mayai mawili ambayo tayari yalikuwa yameharibika, nilikuwa nimefungua mlango wa nyuma wa nyumba yenye mtoto. Nilijiuliza kama kweli nawapenda viumbe hawa au nataka tu kusamehewa na mmoja wao. Sikupata jibu nililoliamini.

Jioni iliyofuata niliteremka ufukweni kupoza kichwa. Maji yalikuwa yamepwa sana, bamvua. Huko mbele, usipojua huoni, ndiko kilipo kisiwa cha Maziwe. Wazee wetu walikijua kikiwa na miti, mivinje imesimama, na kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Miti ikakatwa, mchanga ukaachwa bila mizizi ya kuushika, bahari ikaula. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa bado wanapanda. Hawana habari kwamba kisiwa kimekwisha. Wanafukia mayai yao pahali ambapo maji yatafika, na kuna watu wanaoyafukua kwa mikono na kuvuka nayo hadi ufukwe wa Ushongo, wakayafukia upya, wakahesabu siku kama 55, wakakesha.

Nilisimama pale hadi giza. Nilitaka kisiwa kile kiniambie niiache pembe yangu ilivyo. Lakini Maziwe hapalali mtoto.

Nikarudi nyumbani nimeamua. Kesho yake nilitoka na jembe.

## Mchanga wa alfajiri

Nilikuwa nimeshafyeka kipande cha kama theluthi Mama aliponiita kutoka upande wa mlango. Ilikuwa bado alfajiri, mwanga ule wa rangi ya maji ya wali. Ufagio ulikuwa mkononi mwake lakini hakuwa anafagia.

"Weka hilo jembe. Njoo uone nani kapita usiku."

Nilidhani mwizi.

Alinionyesha chini, kwenye mchanga alioufagia jana alasiri. Ile mistari ya magamba ya samaki ilikuwa imekatwa. "Huyu jongoo," akasema, na ncha ya ufagio ikafuata mistari miwili ya vitundu vilivyosongamana kama mshono wa cherehani, kutoka chini ya mtungi hadi kwenye majani. "Katoka, karudi. Huyu chura, hakwenda mbali, tazama alivyoketi." Palikuwa na alama ya tumbo na vidole. "Huyu kenge, mdogo." Mfuo wa mkia katikati, kucha huku na huku. "Kaja kutafuta mayai, kakuta banda limefungwa, kaondoka kwa hasira. Hapa kageuka kwa nguvu." Akasogea karibu na mpapai. "Na huyu ndiye ninayempenda."

Nikainama. Vilikuwa vidole. Vidogo, vimetanuka, kama vya mtoto mchanga aliyeegemea mchangani.

"Komba," akasema Mama. "Kashuka kufuata papai lililoanguka. Huja kila usiku usio na mvua. Akitoka hapa huenda kwenye minazi ya mgema akanywa kwenye vibuyu vyake, ndiyo maana alama za kurudi huwa zimepinda."

Nilimuuliza tangu lini anajua haya.

"Tangu msichana. Babu yako alikuwa na shamba la muhogo, na alfajiri kazi yangu ilikuwa kutazama kama nguruwe mwitu wameingia. Akanifundisha: jioni fagia njia, asubuhi itakwambia." Akanyamaza kidogo. "Baba yako alipofariki nikawa siwezi kulala. Nikawa natoka mapema kutazama nani kapita. Nikaona nyumba haijabaki peke yake."

Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu miaka yangu yote ya utoto na hii miwili tangu nirudi, nikisikia ufagio wake kila siku, na nilikuwa nimeshamhukumu. Nilidhani anafuta. Kumbe kila alasiri alikuwa akitandika mchanga wageni wapite, na kila alfajiri akiwasalimia mmoja mmoja kabla ya kutandika upya.

Hapo ndipo nikamwambia habari ya kiota. Yote: ufito, waya, usufi wa mto wake, kunazi mbili, chozi aliyesimama hewani.

Alisikiliza hadi mwisho. "Ulifagia bila kutazama," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa wiki zile zote nilikuwa nimeushitaki ufagio, mchanga mweupe, kunguru wa miaka ya 1890 na desturi ya watu wa pwani, kumbe shitaka lenyewe ni fupi hivyo.

## Pindo na mji

Wazo la kuumaliza ugomvi wa pembe lilikuwa lake. Alichukua ufagio akazunguka ile pembe yote, akafagia ukanda wa upana wa hatua mbili, kutoka ukuta wa kisima hadi nyuma ya mstafeli, mchanga mtupu kabisa. Ndani akaacha majani, mlenda, mchunga, jongoo na vyote.

"Pindo tumelifagia, mji tumeuacha," akasema, kama mtu anayekunja kanga.

Chochote kinachoingia au kutoka lazima kivuke pindo, na kikivuka kinaandika. Mpwa wangu amekatazwa kulivuka, na analiheshimu kuliko alivyowahi kuheshimu neno langu lolote, kwa sababu amepewa kazi. Kila asubuhi kabla ya uji anazunguka na Bibi yake kuona nani kapita. Jongoo anamjua. Chura anamjua. Kenge anamtambua kwa mbali na kurudi mbio. Mara moja tulikuta mfuo mrefu uliojikunja kunja, usio na miguu upande wowote. Mama aliutazama kwa makini, akaona umeingia na umetoka kuelekea ukutani, akasema leo hapakaribiwi. Hapakukaribiwa. Jioni ukafagiwa, kesho yake pindo lilikuwa safi.

Sijui kama hili lingewezekana kwenye kila nyumba. Wengi wetu uani tumeshamwaga zege au tumepanga matofali ya pevingi, na zege halisomeki. Hata kwetu kaka yangu amekuwa akisema tupange pevingi kabla ya masika yajayo, matope yaishe, na ana haki, yeye ndiye anayesukuma gari. Mazungumzo hayo hayajaisha. Mama hujibu kwa kumuuliza mjukuu wake mbele ya baba yake: "Haya, mwambie baba, jana usiku alipita nani?"

## Waya

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Mvua sasa zimepungua, zinapiga usiku na kuacha mchana. Mgomba wa nyuma umetoa ua, na asubuhi machozi wanaligombania, dume kwa kichwa chake cha kijani kinachowaka na utepe wa zambarau kifuani, jike kwa kijivu chake cha unyenyekevu. Ndege mzima hafiki uzito wa gramu 10. Nikiwatazama najaribu kutojiuliza kama ni walewale. Uani petu si pa ndege wawili tu.

Juzi alasiri nilikuwa nakunja nguo barazani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anachambua mchele kwenye ungo. Mara akaacha. Vidole vikabaki hewani.

Kwenye pembe ya juu, kati ya nguzo na paa, utando umeanza tena, miezi miwili tangu niuondoe. Chozi jike alikuwa ameung'ang'ania kwa miguu, kichwa chini, anauvuta kwa mdomo uliopinda, anauzungushia mdomoni kama mtu anayekunja uzi. Alipopata wa kumtosha akaruka hadi kwenye ule waya. Hapakuwa na kiota. Palikuwa na nyuzi nne tano tu zimeanza kufungwa, ambazo mimi, kwa macho yangu ya Machi, nisingeziona kabisa.

Akaenda. Akarudi. Safari hii alileta kipande cha jani.

Mama aliuweka ungo chini taratibu. Akaingia ndani, nikasikia mlango wa stoo. Alitoka na ule ufagio wa ufito, akaufungua kamba ya katani, chelewa akazichanganya na kuni za jikoni, na ufito akampa mpwa wangu aegemeze kwenye mlimao unaoinama.

Kisha akarudi kwenye mchele wake.

"Utando ule usiuguse," akaniambia, macho kwenye ungo. "Una mwenyewe."